Dola 412 za kukomboa gari langu mwenyewe

Leo Jumatatu nimelipa dola 412 ili nirudishiwe gari langu. Sikumgonga mtu, sikuvunja taa. Lilinizimikia Ijumaa usiku hapa Marekani kwenye barabara kuu ya I-74, nikalisogeza pembeni, nikapata lifti ya kurudi nyumbani, nikijua asubuhi nitakwenda na fundi. Asubuhi halipo. Limeshavutwa hadi yadi, na yadi yenyewe wikendi imefungwa, ila ada ya kulaza gari inahesabiwa kila siku, hata Jumapili. Kwetu Ifakara, Tanzania, ningekata matawi mawili nikayatega nyuma ya gari, fundi angekuja na bodaboda na spana zake, tungemalizana palepale. Huku kwenye barabara hiyo hata kutembea kwa miguu ni marufuku.

Naishi Moline, Illinois, mji wa watu elfu 40 na kitu kando ya mto Mississippi. Ndugu wakipiga simu wanauliza mbona sikai New York. Barabara ya kwenda huko ninayo: I-80 inapita hapa ukingoni, hadi San Francisco kwa upande wa pili. I-74, I-88 na I-280 nazo zinakutana hapahapa. Malori hayalali. Lakini barabara zote hizo ni za mwenye gari, na basi la kunifikisha kwenye zamu ya saa 11 alfajiri sijalipata mpaka leo.

Unayejiandaa kuja, acha kuhesabu mshahara kwa shilingi. Tangu Januari 2025 kima cha chini Illinois ni dola 15 kwa saa, kwa hiyo deni langu la leo ni zaidi ya saa 27 za kusimama, kabla ya kodi. Vuka daraja uingie Iowa, jimbo la ng'ambo ya mto, sheria inamruhusu mwajiri alipe dola 7.25 kwa saa. Wengi hulipa zaidi, ila uliza kazi iko ng'ambo ipi kabla hujasaini. Na ukikata bima, ulizia kama inagharamia kuvutwa gari. Mimi niliiacha hiyo ili niokoe dola chache kwa mwezi, na inaniuma.

Aliyenipeleka kazini siku zote hizi ni mama mmoja Mkongo, jirani yangu. Wakongo wapo wengi hapa. Saa 10 na nusu, baridi inakata masikio, ananisubiri gari likiunguruma. Nilipotoa hela ya mafuta akaurudisha mkono wangu: "Uko mutoto yangu, pesa ya nini?"

Jana jioni nilipanda daraja jipya la I-74, lile lililokamilika 2021. Lina njia ya waenda kwa miguu iliyotengwa na magari, na mahali pamoja sakafu ni kioo, mto unauona chini ya viatu. Maji yalikuwa ya udongo kama mto Kilombero wa kwetu wakati wa masika. Nilikaa pale mpaka giza likaingia.

Gari limepona, tangi nimejaza. Kesho saa 10 na nusu nampitia mama mimi.