Utepe, penseli na mafundi: jinsi wimbo wa Tomorrow Never Knows ulivyorekodiwa

Wapo wanaoisimulia historia ya wimbo wa Tomorrow Never Knows wa kundi la Beatles kana kwamba ni historia ya dawa za kulevya peke yake. Husema kwamba John Lennon, mmoja wa waimbaji wa kundi hilo, alitumia LSD, akasoma kitabu, na wimbo ukamjia ukiwa umekamilika. Mimi, ambaye kazi yangu hapa Lamu ni kuhamisha kaseti za zamani za tarabu na kuziingiza kwenye kompyuta kabla chumvi na unyevunyevu wa bahari havijazimaliza, siridhiki na masimulizi hayo, kwa sababu yanawaacha nje watu ambao bila wao pasingekuwa na kitu cha kusikiliza. Watu hao ni mafundi wa mitambo. Ajabu ya wimbo huu ilitengenezwa kwa mikono, kwa utepe wa sumaku na kwa saa za kazi, na ndiyo maana historia ya kurekodiwa kwake inanivutia kuliko hadithi nyingine zote zinazouzunguka.

Kitabu kilikuwepo kweli, na hakuna haja ya kukificha. Muda mfupi kabla ya kuingia studio, Lennon alikwenda katika duka la vitabu la Indica mjini London akarudi na The Psychedelic Experience, kilichoandikwa na Timothy Leary, Ralph Metzner na Richard Alpert na kuchapishwa mwaka 1964. Ni kitabu kinachochukua maandiko ya Watibeti kuhusu mauti na kuyageuza kuwa mwongozo kwa mtumiaji wa LSD, na mstari wa kwanza wa wimbo umechotwa humo karibu neno kwa neno. Upande wa muziki, Lennon alileta kitu kidogo mno: wimbo unaokaa juu ya kodi moja, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ya C tangu mwanzo hadi mwisho, ukigusa B bapa mara kwa mara na kurudi palepale. Chini yake inavuma tambura, chombo cha Kihindi ambacho kazi yake ni kushikilia sauti moja isiyokatika. Sisi wa mwambao, ambao masikio yetu yalilelewa na nyimbo za sinema za Kihindi, hatuoni ugeni mkubwa katika sauti inayosimama mahali pamoja huku mwimbaji akizunguka juu yake. Kwa wasikilizaji wa roki wa mwaka 1966, waliozoea nyimbo zinazobadilisha kodi kila baada ya mapigo machache, jambo hilo lilikuwa geni kabisa.

Kazi ilianza usiku wa tarehe 6 Aprili 1966, katika Studio namba 3 ya kampuni ya EMI, barabara ya Abbey Road, London. Ulikuwa wimbo wa kwanza kurekodiwa kwa ajili ya albamu ya Revolver, na kwa kuwa haukuwa na jina, uliandikwa kwenye makasha ya utepe kama Mark I. Jina la sasa lilitokana na kauli ya mpiga dramu, Ringo Starr, ambaye alikuwa na mazoea ya kupindua misemo pasipo kukusudia. Mtayarishaji alikuwa George Martin, na nyuma ya meza ya kuchanganyia sauti alikaa Geoff Emerick, kijana wa miaka 20, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amekabidhiwa nafasi ya fundi wa sauti Norman Smith aliyepandishwa cheo. Siku ya kwanza kazini katika nafasi hiyo, anapewa wimbo huu.

Lennon alimwambia Martin kwamba anataka sauti yake isikike kama ya Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, akiimba kutoka kilele cha mlima, na kwamba nyuma yake angependa kusikia maelfu ya watawa. Mtu anaweza kulichukua ombi hilo kuwa ni ndoto ya msanii, lakini fundi hana ruhusa ya kulichukua hivyo, kwa maana yeye ndiye atakayeulizwa sauti iko wapi. Emerick alifikiria spika ya Leslie, ambayo ni kabati lililotengenezwa kwa ajili ya kinanda cha Hammond, na ndani yake mna pembe ya sauti inayozunguka kwa mota. Sauti inayotoka humo hukaribia na kuondoka, hukaribia na kuondoka, hata masikio hayajui mwimbaji yuko wapi. Mafundi walilazimika kuunganisha nyaya upya ili sauti ya binadamu ipite mahali palipokusudiwa kinanda, kisha wakaweka maikrofoni mbele ya kabati na kurekodi kilichotoka. Lennon alifurahi mno, na kwa maelezo ya waliokuwepo, baadaye alipendekeza kwamba badala ya kuzungusha spika wamning'inize yeye kwa kamba kutoka darini, wamsukume, na aimbe huku akizunguka maikrofoni. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Katika siku hizohizo za kurekodi Revolver, fundi mwingine wa EMI, Ken Townsend, alibuni njia ya kuifanya sauti moja isikike kama mbili. Waimbaji wa wakati ule walilazimika kuimba wimbo mara ya pili juu ya mara ya kwanza ili sauti inenepe, na Lennon aliichukia kazi hiyo. Townsend aliipitisha sauti katika mashine ya pili ya utepe, akaichelewesha kwa sehemu ndogo ya sekunde, akairudisha ikutane na ya kwanza. Leo kila programu ya kurekodi ina kitufe cha kufanya hivyo, na wanaokibonyeza ni wachache wanaojua kwamba kuna mtu alikaa akakiwaza kwa waya na chuma.

Dramu nazo zinastahili kusimuliwa, kwa sababu ndizo zinazoubeba wimbo. Kanuni za studio zilikataza maikrofoni kusogezwa karibu sana na ngoma kubwa ya mguu, kwa hofu kwamba upepo wa pigo ungeiharibu. Emerick aliisogeza hadi ikawa inchi chache tu kutoka kwenye ngozi, akajaza sweta ya sufu ndani ya ngoma ili kuua mvumo, halafu akaipitisha sauti yote katika kifaa cha Fairchild 660, ambacho kazi yake ni kubana sauti kubwa isipite kiwango. Alikibana kupita kiasi makusudi. Matokeo yake ni pigo zito, lililoshikana, linaloonekana kuvuta hewa kila linapotua. Emerick mwenyewe alisimulia kwamba wakuu wa EMI walimkaripia kwa kuvunja kanuni, kisha wakampa barua ya ruhusa, ila kwa kazi za Beatles tu. Usiku ule walipiga mara tatu. Mara ya pili iliharibika njiani, na ile ya tatu ndiyo tunayoisikia kwenye santuri.

Siku iliyofuata, tarehe 7 Aprili, ndiyo siku ninayoipenda zaidi katika historia hii yote.

Paul McCartney, mpiga besi wa Beatles, alikuwa akisikiliza muziki wa Karlheinz Stockhausen wa Ujerumani, mtunzi wa muziki wa kielektroniki, na nyumbani kwake alikuwa na mashine ya utepe ya Brenell. Aligundua kwamba akiondoa kichwa cha kufutia, mashine hurekodi sauti mpya juu ya ya zamani bila kuifuta, tena na tena, mpaka utepe unashiba na sauti inageuka kitu kisichotambulika. Alikata vipande vifupi, akaunganisha ncha zake vikawa vitanzi, akaja navyo studio. Kitanzi kimojawapo kinasikika kama kelele za shakwe wa baharini, na wengi hudhani ni ndege kweli. Ni kicheko cha McCartney mwenyewe kilichoharakishwa. Kingine ni kodi ya okestra, na vingine vimetokana na Mellotron, kinanda ambacho kila kitufe chake huchezesha kipande cha utepe kilichorekodiwa tayari.

Yeyote aliyeshika kaseti za arusi za hapa Lamu anaijua kanuni ya shakwe yule, hata kama hajawahi kuifikiria. Tarabu za nyumbani zilirekodiwa kwa redio kaseti za betri, na arusi ni ndefu kuliko betri. Nguvu ikianza kupungua, mota huzunguka polepole na utepe hupita polepole mbele ya kichwa. Aliyeko arusini haoni lolote, lakini ukiichezesha kaseti hiyo kesho yake kwenye mashine yenye nguvu kamili, udi unakuwa mwembamba, mwendo unakuwa wa haraka, na mwimbaji mzima wa makamo anaishia na sauti ya mtoto. Kazi yangu ni kuirudisha sauti hiyo ilipokuwa, hatua kwa hatua, kwa kuwa betri haifi ghafla. McCartney alilifanya kosa hilohilo la mitambo kwa hiari yake, akalipenda lilivyotoka.

Tatizo lilikuwa namna ya kuvipiga vitanzi vyote kwa wakati mmoja, kwa kuwa chumba kimoja hakikuwa na mashine za kutosha. Basi walitumia mashine tano zilizokuwa katika vyumba mbalimbali vya jengo la Abbey Road, wakavuta nyaya hadi Studio namba 3, na kila mashine ikasimamiwa na fundi mmoja aliyevaa koti jeupe, akishikilia penseli ndani ya kitanzi ili utepe ukazwe usilegee wala kukatika. Martin na Emerick, wakiwa na wanamuziki pembeni yao, walikaa mezani wakipandisha na kushusha vidhibiti: sauti hii iingie, ile itoke, mbili zigongane, kisha kimya. Jengo zima lilifanya kazi kama jahazi lenye mabaharia waliotawanyika, kila mmoja na kamba yake mkononi. Yote yalikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya Studer J37 yenye njia nne za kurekodia sambamba kwenye utepe mmoja, na njia nne maana yake ni kwamba hakuna nafasi ya kuweka kila kitu peke yake na kuamua baadaye. Uamuzi ulifanyika palepale. Martin alisema katika miaka ya baadaye kwamba mchanganyiko ule hauwezi kurudiwa, na ninamwamini, kwa sababu ulitegemea mikono ya watu wengi iliyokuwa ikitenda kwa dakika zile tu.

Penseli ile inanigusa. Mezani kwangu ipo kalamu ambayo hufanya kazi moja tu, ya kuzungusha gurudumu la kaseti pale utepe unapomezwa na mashine, na wasomaji wa umri wangu hawahitaji kuelezwa zaidi. Ila tofauti nayo ni kubwa: katika studio utepe wa robo inchi ulipita kwa kasi ya sentimita 38 kwa sekunde, ilhali kaseti hupita chini ya sentimita 5. Fundi wa Abbey Road aliyetaka kukata sekunde moja ya sauti alikuwa na zaidi ya theluthi moja ya mita mkononi mwake. Mimi nina kipande kifupi kuliko kidole cha mwisho.

Wanaopenda kusema kwamba mchezo huu wa utepe ni uvumbuzi wa Ulaya nawaomba waitazame Misri. Mwaka 1944, mjini Cairo, mtunzi wa Kimisri Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodia kwa waya wa chuma, akaenda kurekodi sherehe ya wanawake ya kutoa pepo iitwayo zar, kisha akarudi kuichezea ile sauti kwa mwangwi mpaka maneno yakatoweka ukabaki mvumo. Hiyo ni miaka minne kabla ya Mfaransa Pierre Schaeffer kutangaza kazi zake za namna hiyo mjini Paris. Sisi ambao ngoma za pepo si habari ya kusoma vitabuni tu, tungepaswa kulijua jina la Halim El-Dabh mapema kuliko yale mengine.

Wimbo ulimaliziwa tarehe 22 Aprili, na Revolver ikatoka Uingereza tarehe 5 Agosti 1966. Uliokuwa wa kwanza kurekodiwa uliwekwa mwisho wa albamu, na nadhani hapakuwa na mahali pengine pa kuuweka. Lennon alikuja kusema kwamba hakuridhika sana, kwamba angelishikilia wazo lake la watawa wanaoimba. Kwa heshima zote, sikubaliani naye. Kwaya ya watawa ingekuwa picha ya mahali fulani, na msikilizaji angepatambua. Vitanzi havina mahali, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Jambo moja linaniuma. Majina ya Emerick na Townsend tunayo, lakini wale walioshika penseli katika vyumba vingine hatutajiwi kila wanaposimuliwa. Hali ni hiyohiyo kwetu: kaseti ya Zein l'Abdin, mwimbaji wa tarabu na mpiga udi mzaliwa wa Lamu, huletwa kwangu ikiwa na jina lake na pengine jina la bwana arusi, lakini aliyepanga maikrofoni, akabadilisha upande wa kaseti gizani bila kupoteza ubeti, hakuandikwa. Tangu nilipolitambua hilo, kila anayeniletea kaseti namwuliza nani aliirekodi, na jibu nikilipata nalihifadhi pamoja na sauti.

Anayetaka kuisikia kazi hii vizuri atafute kwanza jaribio la kwanza la tarehe 6 Aprili, lililotolewa mwaka 1996 katika Anthology 2, mkusanyo wa rekodi za Beatles. Ni zito, linakwenda polepole, na vitanzi vya McCartney bado havijafika. Kisha avae hedifoni asikilize wimbo uliotoka kwenye Revolver: shakwe anaingia katika sekunde za mwanzo kabisa, na baada ya kipande cha katikati kisicho na maneno sauti ya Lennon inabadilika ghafla, kwa kuwa hapo ndipo inapoanza kupita katika spika ya Leslie. Mwishoni kabisa, vitanzi vinapofifia, piano inajitokeza kwa sekunde chache tu, kwa hiyo msizime mapema.