Tope la Ubelgiji, kwa wanaouliza

Niliweka picha kwenye grupu la familia: baiskeli begani, mwili mzima tope, meno tu ndiyo yanaonekana. Mjomba akajibu kwa sauti, wala shikamoo yangu hakuiitikia. "Tulikuchangia nauli uende Ulaya, kumbe umekwenda kuchezea matope. Ya Newala yalikuwa hayakutoshi?" Na kwetu Wamakonde mjomba akishasema, ukoo umesema. Hakuna aliyenitetea.

Namwelewa. Yeye ni wa kizazi kilicholala porini kati ya Ndundu na Somanga, kwenye barabara ya Kusini kwenda Dar, basi limezama, abiria wanasukuma, watoto wanalia njaa, na Dar bado mbali. Mwaka 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua zikaikata barabara ile ile, safari hii na lami yake. Mtu aliyepita huko hawezi kumwona mpwa wake kwenye tope akafurahi. Ila mjomba, kwa heshima zote, maneno yako yaliniuma, na najua wenye mawazo kama yako ni wengi.

Huu ni mchezo unaoitwa saiklokrosi. Msimu wake unaanza Septemba hadi Februari, mvua na baridi zikiwa ndiyo zenyewe. Mnapewa mzunguko wa kilomita 3 hivi unaopita malishoni, msituni na kwenye miteremko, mnauzunguka kwa muda wa saa moja au pungufu, kengele ya raundi ya mwisho ikilia kila mtu anatoa alichobakiza. Njiani wanaweka mbao za kimo cha sentimita 40. Unashuka baiskeli ikiwa bado inakwenda, unainyanyua, unaruka, unarukia kiti bila kusimama. Kilima kikiteleza unaitia begani unakimbia. Hapa Flanders, upande wa kaskazini wa Ubelgiji, watu wanalipa kiingilio, wanasimama kwenye mvua na chipsi zao kuangalia. Mtu wa kwao, Eric De Vlaeminck, alikuwa bingwa wa dunia mara 7 kati ya 1966 na 1973, na wazee wa huku mpaka leo wakimtaja wanasimama wima. Mimi ni wa ridhaa tu, riziki yangu iko ghalani, kupakia na kupakua. Jumapili ndiyo natoka.

Na tope si moja. Lipo jepesi la majimaji, hilo linakurukia machoni lakini unapita. Lipo zito la malisho lililochanganyika na majani, linajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na baiskeli inaongezeka kilo begani mwako. Siku hizo tairi unaliacha na upepo kidogo sana, chini ya bar 1.5, lilale chini lishike ardhi. Fundi yeyote wa Masasi angekuambia una pancha. Mchanga ndiyo sehemu yangu. Wenzangu wanaukamata usukani kwa nguvu, gurudumu la mbele linazama, wanaanguka. Mimi narudisha uzito nyuma, nakanyaga bila kuacha, gurudumu linajitafutia njia lenyewe. Hayo sikufundishwa Ubelgiji. Nimeyapata kwenye njia za mchanga za uwanda wa Makonde, na madumu mawili ya maji nyuma ya Foeniksi ya baba.

Novemba iliyopita, katikati ya mbio, ule mkono wa giya wa nyuma unaobeba cheni ulimeza majani na tope, ukakatika. Nikaibeba baiskeli nikikimbia hadi sehemu ya kubadilishia, nikijua nimekwisha, maana wenye uwezo wanakuwa na baiskeli ya pili na mtu wa kuwaoshea, mimi ninayo hiyo hiyo moja. Mzee mmoja alikuwa pale anamsubiri mjukuu wake. Hatujuani. Akanisukumia baiskeli ya akiba ya mjukuu, akasema panda, nenda. Viatu vyetu vinajifunga kwenye pedeli, na bahati zile zilivipokea vyangu. Nilipomaliza nikakuta yangu imeoshwa, cheni imefutwa, na ule mkono uliokatika kaufunga kwenye karatasi. Akaniuliza nimejifunza wapi kukimbia na baiskeli begani vile. Nikamweleza mteremko wa Newala, maji yaliko na nyumba ziliko. Alinisikiliza mpaka mwisho, mvua inatunyeshea. Kwenye jengo ninaloishi wapo majirani ambao hadi leo hatujasalimiana.

Dukani kesho yake: euro 190, spea na ufundi. Pigeni hesabu wenyewe kwa kilo za korosho, tena bei ya mnada wa mwanzo. Nililipa, na iliniuma. Hela ya mama ilikuwa imeshatoka, huwa inatoka kwanza, na hilo mjomba analijua.

Kwa hiyo vijana wa Nachingwea na Tandahimba mnaoniandikia "kaka, na mimi nataka": kodi ya nyumba kwanza, bima ya afya, koti na viatu visivyopitisha maji. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na nimewaona wenzetu wanaojifungia na simu mpaka akili inachoka. Tafuteni klabu, yoyote, hata kwaya. Baiskeli subirini Machi, msimu ukiisha watu wanauza zao kwa bei ya kutupa. Dukani msiingie.

Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani ulifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Niliangalia mwanzo hadi mwisho na machozi yalinitoka. Kwetu tunasubiri barabara ndipo tuwe na mbio, wakati mbio hizi hazitaki barabara. Zinataka shamba lenye mteremko, mchanga kidogo, mbao mbili na mvua, na mvua ya Februari tunayo. Vijana wanaopandisha maji na mpunga kutoka bonde la Ruvuma wana miguu ambayo huku watu wanailipia mwalimu. Kama yupo mwenye shamba na ridhaa ya serikali ya kijiji, aniandikie. Mbao na kamba za kuzungushia nitagharamia mimi, na klabu yangu ina tairi kuukuu ambazo bado zina maisha.