Siku moja maishani mwangu: kungoja manjano

Saa 11:20 alfajiri. Nakimbilia feri Likoni. Jana jioni niliwaacha E. coli wangu wakila hadi washibe, na bakteria hawamngoji mtu aliyekwama ng'ambo.

Saa 1:15 asubuhi. Chai ya mkandaa, mahamri mawili, kisha maabara. Nawazungusha kwenye sentrifuji, nawaosha, nawagawa chupa mbili. Moja ina fosfati, kirutubisho wasichoweza kukua bila yake, milimola 2, ya pili milimola 0.1 tu. Sukari ni sawa kote. Hawa wa pili wataimaliza fosfati yao kabla ya adhuhuri.

Saa 3:00. Kungoja. Kijana aliye atachi akaniuliza, "Dada, kwani bakteria hujuaje ana njaa?"

Nikamchorea. Fosfati huingia kwa mlango uitwao Pst. Maadamu inapita kwa wingi, mlango huo na protini PhoU humnyamazisha PhoR, mlinzi aliyekaa utandoni. Ikishuka chini ya mikromola 4 hivi, PhoR huamka, hujibandika fosfati kutoka kwa ATP, sarafu ya nishati ya seli, kisha humkabidhi mwenzake, protini PhoB. PhoB naye hushika DNA mbele ya jeni za wakati wa njaa, zikaanza kusomwa. Mojawapo ni phoA, jeni ya alkalaini fosfatezi, kimeng'enya kinachong'oa fosfati kwenye mabaki ya viumbe. Huweza kuongezeka zaidi ya mara 100. Wahenga walisema njaa mwana malegeza. Kwa hawa shibe ndiyo inayolegeza.

"Yaani anatumia fosfati kutangaza kwamba hana fosfati?"

Nikacheka. Ni kama kukopa nauli ya kwenda kudai deni.

Saa 7:00 mchana. Sampuli ya kwanza. Tone la klorofomu kutoboa utando, maana kimeng'enya hiki hukaa kati ya tando mbili, halafu kemikali ya kupimia isiyo na rangi. Fosfati yake ikibanduka, maji hugeuka manjano.

Dakika 10. Dakika 20. Dakika 40. Maji ya mfereji matupu, neli zote, wenye njaa na walioshiba sawa.

Nikashuku sabuni, kwani zipo zenye fosfati, lakini chupa zangu huoshwa kwa asidi. Nikashuku zinki, maana bila zinki kimeng'enya hiki hakifanyi kazi. Viazi karai nilivyonunua vikapoa mfukoni.

Saa 8:30. Fundi wetu wa maabara, mama asiyependa maneno mengi, aliinua chupa ya bafa, kimiminika cha kuzuia asidi isipande wala kushuka, mezani kwangu akaigeuza nione maandishi.

"Mwanangu, hii si Tris."

Nilitaka Tris, bafa isiyo na fosfati. Hii ilikuwa bafa ya fosfati. Fosfati ndiyo zao la kimeng'enya hiki, na zao likijaa hukalia pale pale pa kushikia kazi. Jeni zilikuwa zimefunguka, kimeng'enya kipo tele, mimi ndiye niliyekifunga mikono. Kijana nilimweleza nusu tu ya habari: kupitia PhoR, fosfati huzuia kimeng'enya kisitengenezwe. Nusu ya pili ni hii: ikikikuta tayari, hukizuia papo hapo, jeni hazihusiki.

Nikarudia na sampuli zilizokuwa kwenye barafu. Safari hii niliosha seli zote kwa Tris kwanza, maana wale walioshiba walikuwa bado wanaogelea kwenye fosfati yao. Dakika 6, neli ya njaa ikawa kama maji ya bizari. Ya shibe, angavu vile vile. Nikasimamisha mmenyuko kwa hidroksidi ya sodiamu, nikasoma ukali wa rangi kwenye mwanga wa nanomita 420, nikaandika.

Saa 11:00 jioni. Mabaki yote kwenye klorini. Ijumaa ni zamu ya bakteria wa matope ya mikoko, kutoka hori la Tudor, na hao sijui watakuja na visa gani. Mama ameandika FOSFATI kwa wino mwekundu pande zote za ile chupa. Kijana akaongeza fuvu la kichwa chini yake.