Divinilibenzini Isubiri Kwanza

Nikiwa mwanafunzi wa uzamili Kampala, nilipewa kazi ya kutengeneza vichembe vya polistairini, aina ya plastiki, vya maikromita chache, vyote saizi moja, na visiyeyuke hata vikitiwa kiyeyushi cha tolueni. Hilo la saizi lilikuwa halinisumbui. Stairini, malighafi yake, inayeyuka ndani ya ethanoli, polistairini haiyeyuki. Kwa hiyo ukipasha mchanganyiko hadi nyuzi 70, ukiwa umeshafukuza oksijeni kwa nitrojeni, molekuli za stairini zinaungana kuwa minyororo, minyororo inarefuka, inajitenga, na vichembe vinazaliwa karibu kwa pamoja. Polivinilipirolidoni inavizuia visishikane.

Kasheshe ilikuwa divinilibenzini, ile inayofunga mnyororo kwa mnyororo ili vichembe visiyeyuke. Nikiitia mwanzoni napata madonge, mengine yameng'ang'ania sumaku ya kukorogea kama ukoko wa ugali.

Fundi wetu wa maabara, mzee wa Arua, ndiye niliyezungumza naye Kiswahili, maana Kiluganda changu kilikuwa cha kununulia matooke tu. Akanikuta nakwangua chupa.

"Kijana, haraka ya nini? Acha vizaliwe kwanza."

Shahada hakuwa nayo, ila chupa za namna ile alikuwa ameziosha miaka.

Basi safari hii divinilibenzini nikaiweka kando. Mchanganyiko ukaingia ubuluu hafifu, kisha ukawa mweupe pe. Hapo vichembe vimeshazaliwa, vimebaki kukua tu. Nikangoja tena kidogo, ndipo nikaanza kuidondosha kwa sindano, tone baada ya tone, ikiwa imechanganywa na ethanoli.

Umeme ukakatika. Ungekosaje? Mzee akachomoka, akarudi na birika la maji ya moto kutoka kwa mama chai. Akawa anamimina kwenye beseni kidogo kidogo, mimi jicho kwenye kipimajoto, mkono unatikisa chupa, mpaka jenereta ikanguruma.

Kesho yake tulitazama kwa hadubini: viduara tu, vyote saizi moja, na tone lilipokauka vikajipanga safu safu vyenyewe. Nikatia tolueni. Vile vya zamani, visivyo na divinilibenzini, viliyeyuka mpaka chupa ikawa angavu. Hivi vilivimba tu, weupe ukabaki.

Nikamsimulia mzee kwamba mwaka 1985 Marekani waliuza vichembe vya polistairini vya maikromita 10, vya kusawazishia hadubini, vilivyotengenezwa angani ndani ya chombo cha Challenger.

"Wajanja hao," akasema, akichukua birika la watu kulirudisha. "Huko juu umeme haukatiki."