Korosho au Embe?

Magari yana nyuso, na sidhani kama ni mimi peke yangu ninayeziona. Coaster nyingi za Mbagala zimenuna. Bajaji zina sura ya kushangaa, na pale Mwenge kuna moja mwenyewe kaibandika kope juu ya taa, ikawa bibi harusi kamili. Foleni ikikaza huwa naanza kuyapa tabia: hili lina kiburi, lile limeonewa.

Ubongo una sehemu inayoshughulikia nyuso, upande wa chini kuelekea kisogoni, na haina subira hata kidogo. Taa mbili na grili zinaitosha. Mwaka 1976 chombo cha Marekani, Viking 1, kilipiga picha sayari ya Mirihi, na kilima kimoja cha eneo la Cydonia kikatokea kama uso wa mtu anayetazama juu. Wapo walioamini ni kazi ya viumbe wa huko. Picha safi zaidi za 1998 na 2001 zikaonyesha kilima tu; uso ulikuwa mwanga na vivuli. Siwacheki. Hata kichanga ambaye hajamaliza saa moja duniani hufuata kwa macho mchoro wa uso kuliko mchoro wenye macho na mdomo vilivyovurugwa.

Uso, basi, tunakuja nao. Ninachokiwaza tangu Jumamosi ni yale maumbo mengine, ambayo jicho hufundishwa na mahali lilipokulia.

Nilimsindikiza shangazi Mtaa wa Uhuru kununua kanga. Akaomba ya korosho. Muuzaji, mzee wa Kihindi mzaliwa wa hapahapa Kariakoo, akaivuta doti huku akicheka: "Mama, kwetu nyumbani hilo ni embe."

"Embe gani limepinda mgongo hivyo?" Shangazi kakulia Newala, katikati ya mikorosho. Huwezi kumwambia kitu.

Mchoro wenyewe una safari ndefu. Huko Uajemi mchoro huo unajulikana tangu kale, na wapo wanaouona kama mti uliopindwa kilele na upepo. Ukapamba shali za Kashmir, na karne ya 19 wafumaji wa mji wa Paisley, Uskoti, wakaziiga shali hizo. Wazungu wakauita kwa jina la mji. Nadhani hawakuwa na tunda la kufananisha. Na korosho nayo ni mgeni, maana mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil. Ila kanga zilipoanza kuvaliwa pwani, mwishoni mwa karne hiyohiyo ya 19, mti ulishakuwa wa nyumbani, na jicho likaokota kilichokuwa karibu.

Nikamwuliza shangazi kama kweli haoni embe hata kidogo. Akaigeuza kanga juu chini, akaikazia macho.

"Mimi naona bei," akasema, akamgeukia mzee waanze kupatana.