Jipiesi na redio ya boti viongee, waya mbili tu

Jamani wenye boti Ziwa Nyasa, kabla hujaagiza Dar ile skrini kubwa ya mamilioni, angalia kwanza ulivyonavyo. Boti nyingi huku Kyela, ukitoka Kiwira mpaka Matema, unakuta jipiesi (GPS) ipo, fishifainda, ile ya kusaka samaki na kupima kina, ipo, redio ya VHF ipo, ila kila kimoja kinaishi kivyake, jipiesi inajua mlipo lakini redio haijui, na redio ndo yenye kile kitufe chekundu cha DSC, cha kuita msaada wa dharura. Ukikibonyeza bila jipiesi inapiga kelele chaneli 70 kwamba kuna mtu ana shida, basi, wapi haisemi mpaka uingize namba kwa mkono. Na upepo wa mwera ukishachafuka nani ana muda huo? (Halafu namba ya MMSI, yaani ya kuitambulisha redio yako, zile tarakimu 9, iwe imeshaingizwa, za Tanzania zinaanza na 674 au 677, bila hiyo kitufe ni pambo.)

Sasa vifaa vingi vya bei yetu vinatumia NMEA 0183, ndo lugha ya vifaa vya boti kupeana data. Hapo anasema mmoja tu wengine wanasikiliza, kwa hiyo waya wa kutolea wa jipiesi unaenda kwenye wa kupokelea wa redio, chanya kwa chanya hasi kwa hasi. Rangi usizifuate kwa mazoea, kila kampuni ina zake, fungua kitabu. Spidi ya data weka 4800 pande zote, ila AIS, kile kifaa cha kuonyesha vyombo vilivyo karibu, yenyewe inatumia 38400. Ukiunganisha vifaa viwili vinavyosema kwenye waya huohuo sentensi zao za data zinagongana na hupati kitu, hapo mpaka maltipleksa, kifaa cha kuzipanga zipite kwa zamu. Na tafadhali msisokote waya na kuzungushia tepu, maji baridi sawa hayana chumvi lakini unyevu unaingia tu, tumia viunganishi vya kubana.

Ukiwasha, redio inaonyesha namba zenyewe. Hapa ndo wengi wanapanik: Matema inasoma kama 09 29 kusini, simu inasema 9.48, wanadhani imekosea. Haijakosea. Ile 29 ni dakika, gawanya kwa 60 utapata 0.48 na kitu, ni palepale.

Kingine kinachowasumbua watu ni kina. Umeunga fishifainda kwenye skrini, ufukweni inasoma vizuri, mkisogea upande wa milima ya Livingstone namba inapotea zinabaki vistari, fundi anaanza kufumua waya wote. Mwache apumzike! Ziwa hili lina sehemu zinafika mita 700 hivi na pale chini ya milima kina kinashuka ghafla, fishifainda ndogo haioni chini, kwa hiyo haina cha kutuma. Rudini ufukweni mcheki kwanza, ikirudi kusoma waya hauna kosa.

NMEA 2000, ule mfumo mpya zaidi, je? Ni nzuri, vifaa vyote vinaongea kwenye kebo moja ya uti wa mgongo, ila kwa boti ya vifaa vitatu mi naona ni hela ya mafuta inapotea. Ukiwa nayo tayari, zima umeme, pima na mita kati ya waya mweupe na wa bluu, isome kama omu 60. Ikisoma 120 basi kuna ncha moja haina tamineta, yaani ile rezista ya kufungia mwisho wa kebo.