Ninavyosimamia nyaraka za kielektroniki katika kesi za Marekani

Kabla data haijafika, nawauliza mawakili: ni watumishi gani wanaohusika, kipindi gani, tarehe ya kuukabidhi upande wa pili nyaraka ni lini, na watu hao huandikiana kwa njia gani. Hilo la mwisho ndilo hujibiwa haraka mno: "barua pepe." Ukiwachimba, zinatoka WhatsApp, Slack (programu ya kuandikiana kazini) na simu binafsi.

Siku hiyohiyo nahakikisha idara ya kompyuta imezima ufutaji wa kujiendesha. Barua ya kuwakataza watumishi wasifute haitoshi, maana seva haisomi barua. Kanuni ya 37(e) ya mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho, kama ilivyorekebishwa 2015, haina mchezo: data ikipotezwa kwa nia ya kuunyima upande wa pili ushahidi, jaji anaweza hata kuimaliza kesi.

Data ikiingia, nataka hesabu ifunge. Faili zilizopokelewa lazima zilingane na zilizokwenda kusomwa, zilizoondolewa kama nakala pacha au faili za mfumo, zilizochujwa kwa tarehe na maneno, pamoja na zilizokwama. Zilizokwama ndizo za kufukua: zenye nywila, zilizoharibika, picha zisizo na maandishi. Utafutaji wa maneno hauzioni kabisa, na hakuna anayepiga kelele.

Saa nazo zina mtego wake. Barua pepe iliyotumwa kutoka New York tarehe 31 Machi saa 3:30 usiku, kwa UTC (saa ya kimataifa ya marejeo) ni tarehe 1 Aprili, saa 7:30 usiku. Kipindi cha kesi kikiishia 31 Machi, na programu ikichuja kwa UTC, barua hiyo imepotea. Kwa hiyo majira ya saa nakubaliana na mawakili kwa maandishi kabla ya kuchakata; kubadilisha baadaye mara nyingi ni kuchakata upya.

Wasomaji, yaani wanaopitia nyaraka kuamua zipi zinahusu kesi, nao nawapanga kwa hesabu, sio kwa matumaini. Nyaraka 60,000, kila mmoja akisoma 50 kwa saa kwa saa 8, watu 10 wanamaliza kwa siku 15 za kazi. Naongeza siku za kuhakiki, halafu nampelekea wakili hesabu hiyo wiki ya kwanza, wakati bado anaweza kuomba muda. Programu inayojifunza kutokana na maamuzi ya wasomaji hupunguza mzigo (Jaji Andrew Peck wa New York aliikubali tangu 2012), lakini rundo ambalo programu imelitupa kuwa halihusiki lazima lichotwe sampuli na kusomwa na mtu.

Ninapopoteza usingizi ni siku ya kukabidhi. Msomaji ameficha jina lisilotakiwa kuonekana kwa kisanduku cheusi, ukurasa unapendeza, kumbe faili la maandishi linaloambatana nao bado lina jina lilelile, na kichwa cha barua pepe chenye jina hilo kimeandikwa wazi kwenye faili la kupakia (jedwali la taarifa za kila waraka linaloingizwa kwenye programu ya upande wa pili). Baada ya kuficha, maandishi lazima yatolewe upya kutoka kwenye picha iliyofichwa, na safu ya kichwa ifutwe. Mimi huufungua mzigo wote kwenye kompyuta tupu, kama atakavyoufungua wakili wa upande wa pili, na kulitafuta jina lile. Likitokea hata mara moja, mzigo hautoki.